Masikio ya Wepukhulu

Baba hakujua kuchora masikio.
Hilo halikusomwa kaburini,
lakini mtaa mzima wa Naboa ulilijua:
kila kichwa alichokichora kwenye kuta za vinyozi
kilivaa kofia, au nywele zilizoshuka mno,
au kiligeuka upande, kama mtu aliyeitwa na mdai wake.
Akiulizwa alijibu, "Mteja ananyolewa, hasikilizi."

Juzi usiku umeme ulikatika Mbale nzima,
nikabaki na simu yenye chaji ya kubahatisha.
Nikaiambia mashine: nichoree tangazo la kinyozi,
la mkono, la hapa kwetu, rangi ya mafuta, ukuta wa samawati.
Haikuchukua hata muda wa kusafisha brashi.
Ikaniletea vijana wanne, nadhifu, shingo zinang'aa.
Hakuna aliyekuwa na sikio.

Niliwatazama mpaka simu ikazima.

Wageni nawakumbuka. Walishuka kutoka Sipi
na matope ya maporomoko kwenye viatu,
wakasimama na kamera mbele ya kazi zake,
nzuri, nzuri, wakanunua soda, wakaondoka.
Baba alikuwa ameteremka ngazini kuwasalimu.
Mkono ulikuwa na rangi. Hawakuushika.

Huenda ndivyo kuta zile zilivyosafiri,
zikamwagwa kwenye ghala lisilo na mlango
pamoja na kuta za watu wa miji nisiyoijua.
Huenda. Siwezi kuapa.
Labda dunia imejaa mafundi walioshindwa na masikio,
kila mmoja akidhani aibu hiyo ni yake peke yake.

Ninachojua ni habari ya Magombe wa bucha.
Baba alimchorea ng'ombe, siku mbili juani,
ng'ombe mwenye kope ndefu kuliko za bibi harusi,
na shilingi elfu nane hazikuonekana,
mwaka ukaisha, na mwingine, na baba naye akaisha.
Siku ya mazishi Magombe alikuja na kilo tatu za nyama,
akaziweka mezani mbele ya mama,
akasema kwa sauti, watu wote wasikie:
"Wepukhulu, hii ni ya yule ng'ombe."
Deni lake lilikuwa na miguu. Lilijua njia ya kwetu.
Hili jingine nitalingojea mlango upi?

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Asubuhi nilimwonyesha Nabifo ile picha,
anafungua saluni karibu na barabara ya Kumi,
ana elfu thelathini na haraka ya Jumamosi.
Akaipenda. Hata mimi niliipenda, na hapo ndipo paliponiuma:
mwanga ule juu ya kipara, baba angeukaribia kwa pua,
angeuliza, "Fundi huyu ni wa wapi? Alifunzwa na nani?"
Ningemjibu nini? Na wewe, baba. Bila kukuamkia.

"Usiumize kichwa, Khainza," alisema Nabifo,
"nakili hii hii ukutani."
Basi nikaiegemeza ngazi ya baba, ile isiyo na kipago cha tatu,
nikapanda kuinakili mashine
iliyomnakili baba,
ambaye naye, kusema kweli, alianza kwa kunakili
makasha ya sabuni.

Wanale ilikuwa imejifunika mawingu. Watoto walijaa chini.
Kijana wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkono ukaenda wenyewe.
Kwa wa nne niliizima simu, nikaitia mfukoni,
nikajishika sikio langu, nikalipapasa taratibu,
mikunjo yake, kile kishimo, ile ncha laini ya chini,
kisha nikachora.

Lilitoka kama mkono wa kikombe kilichogandishwa kwa gundi.

"Na hicho ni nini?" akauliza Nabifo.
"Sikio."
"Kwenye picha halikuwepo."
"Huyu anasikiliza."

Akanikata elfu mbili.
Namdai.